SOMO LA SHAMBANI: KUMTAMBUA MDUDU KIBIBI, RAFIKI NA ADUI

Mkulima akiingia katika bustani yake ya sukuma wiki asubuhi na mapema, kabla jua halijakausha umande, na akageuza jani moja lililojikunja, huenda akakuta wageni wa namna tatu pamoja. Wa kwanza ni vidukari, wale wadudu wadogo sana wa rangi ya kijivu wanaokaa kwa makundi na kunyonya maji ya jani mpaka likanyauka. Wa pili ni mdudu mmoja wa mviringo, mwenye mgongo ulioinuka kama kuba, anayeng'aa kwa rangi nyekundu au ya chungwa iliyochanganyika na nyeusi. Wa tatu ni mdudu mrefu, mweusi, mwenye miiba mgongoni na miguu sita karibu na kichwa, anayetambaa upesi upesi katikati ya vidukari. Ukimtazama kwa makini utadhani ni mamba aliyepunguzwa hata akalingana na punje ya mchele.

Watu wengi huwaponda wote kwa kidole gumba. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo kwa misimu miwili, nikajisifu kwa bidii yangu, huku vidukari wakizidi kila juma. Sikujua ya kuwa kati ya wageni wale, vidukari peke yao ndio waliokuwa wezi. Yule wa mviringo na yule mwenye miiba ni mzazi na mtoto wa ukoo mmoja, na wote wawili walikuwa wamekuja kumla mwizi. Nilikuwa nikiwaua askari wangu mwenyewe.

Mdudu huyo wa mviringo huitwa mdudu kibibi. Jina hilo limefuata lile la Kiingereza, ambalo asili yake ni heshima ya Bikira Maria, kwa kuwa wachoraji wa zamani huko Ulaya walizoea kumchora akiwa amevaa joho jekundu. Kwetu kila lugha ina jina lake, na mahali pengine hana jina kabisa, bali huitwa tu mdudu. Katika somo hili tutamwita kibibi. Duniani kuna aina zake zipatazo 6,000, na hapana mtu awezaye kuzijua zote. Lakini mkulima au mwanafunzi wa shule akijifunza kutenganisha makundi machache yaliyo katika nchi yetu, atakuwa amepata elimu ya kumfaa kila msimu.

Madoa si umri

Kwanza hapana budi tuondoe kosa moja lililoenea sana. Watoto husema kwamba kila doa mgongoni mwa kibibi ni mwaka mmoja wa maisha yake. Si kweli. Kibibi huishi kwa majuma au miezi, wala madoa yake hayaongezeki anapozeeka. Siku ile anapotoka katika ganda la ubundo mwili wake ni laini, wa rangi ya manjano iliyopauka, na hana hata doa moja. Baada ya saa kadhaa mgongo hukauka na kuwa mgumu, madoa yakajitokeza, na hayo ndiyo atakayokufa nayo. Kwa hiyo ukimkuta kibibi wa manjano asiye na madoa, usidhani umepata aina ngeni. Ngoja mpaka kesho yake ukamtazame tena.

Kosa la pili ni kudhani kwamba idadi ya madoa yatosha kumtambulisha. Wako vibibi wa aina moja, waliozaliwa na mama mmoja, ambao huyu ana madoa mengi, yule machache, na wa tatu hana kabisa. Rangi na madoa ni kama nguo: zaweza kukusaidia kumjua mtu kwa mbali, lakini ukitaka hakika hutazama uso.

Uso wa kibibi, kwa maana hiyo, ni mambo manne. Tazama ukubwa wake. Tazama kama mgongo unang'aa au umefunikwa kwa vinyweleo vifupi. Tazama ile ngao ndogo iliyo nyuma ya kichwa, mbele ya mabawa, maana michoro yake hudanganya mara chache kuliko madoa ya mgongoni. Na mwisho, jambo lililo kuu kuliko yote, tazama anakula nini. Kwa habari ya ukubwa hatuna haja ya rula. Nafaka zetu zatosha. Kibibi mdogo kabisa ni kama punje ya ulezi, wa kadiri ni kama punje ya mtama au choroko, na mkubwa hukaribia punje ya kunde.

Asije akakudanganya mdudu mwingine anayefanana naye. Katika mashamba ya maharagwe na kunde yuko mbawakawa mmoja wa rangi ya chungwa, anayeng'aa, mwenye umbo la yai, urefu wake kama milimita 6, ambaye wataalamu humwita Ootheca. Huyu si kibibi hata kidogo. Hutoboa majani machanga kwa matundu mengi, na mabuu wake hula mizizi chini ya ardhi. Mtazame vipapasio vyake, yaani zile nyuzi mbili za kichwani: ni virefu, karibu nusu ya mwili. Vipapasio vya kibibi ni vifupi sana, na ncha zake zimevimba kidogo kama rungu.

Wale wanaong'aa

Kundi la kwanza ni la vibibi wanaong'aa, ambao chakula chao kikubwa ni vidukari. Hawa ndio wanaoonekana mara nyingi zaidi, na kwa mwanafunzi anayeanza yafaa aanze nao.

Katika mahindi, mtama, kunde, pamba na mboga, aghalabu utamwona yule ambaye jina lake la kitaalamu ni Cheilomenes lunata. Ni mmoja wa vibibi wakubwa wa kwetu. Mgongo wake ni mweusi, umepambwa kwa mabaka ya rangi ya manjano, chungwa au nyekundu, na baadhi ya mabaka hayo yamepinda kama mwezi mwandamo. Hiyo ndiyo sababu ya jina lake, maana luna kwa Kilatini ni mwezi. Ndugu zake wa karibu, propinqua na sulphurea, mara nyingi huwa wa manjano au chungwa, na mistari myeusi hupita mgongoni ikifuata mzunguko wa mabawa. Kuwatenganisha ndugu hawa kwa uhakika si kazi nyepesi, wala mkulima hana sababu ya kuhuzunika akishindwa. Kwake wote ni askari wa kikosi kimoja.

Wa pili ni Hippodamia variegata, ambaye hupatikana zaidi katika nchi za juu zenye baridi kiasi. Huyu si mviringo kamili; mwili wake ni mrefu kidogo, na mgongo haukuinuka sana. Mabawa ni mekundu au ya chungwa, yana madoa meusi madogo ambayo yaweza kufika 13, lakini mara nyingi ni pungufu. Alama yake ya kuaminika ni ngao: ni nyeusi, imezungushiwa ukingo mweupe, na katikati ya weusi huo mna vidoa viwili vyeupe kama macho. Wakulima wa ngano wangefaa kumjua huyu kwa sura kabisa. Vidukari wa ngano wa Kirusi, wanaosokota majani ya ngano na kujificha ndani yake, waliripotiwa katika Kenya mwaka 1995, na popote duniani walipoenea, kibibi huyu huhesabiwa miongoni mwa adui zao.

Wa tatu hapendi vidukari sana, bali wadudu gamba, wale wanaojibandika katika majani na matawi ya michungwa, minazi na miti mingine kama magamba madogo yasiyotembea. Wataalamu humwita Chilocorus. Umbo lake halisahauliki: ni mviringo kama kofia ya chuma ya askari, na ukingo wa chini umetandazwa kidogo, hata mchwa au siafu akimvamia yeye hujishikiza tu juu ya jani na kufunika miguu yote. Mmoja wa ukoo huo, Chilocorus nigritus, mweusi anayeng'aa, asili yake ni Bara Hindi, na sasa yuko katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Katika miaka ya 1930 alipelekwa visiwa vya Shelisheli, ambako wadudu gamba walikuwa wakiiharibu minazi, na huko alifanya kazi kubwa.

Ukimshika kibibi yeyote kwa vidole atatoa matone ya maji ya manjano kutoka magotini. Usiogope. Maji hayo ni machungu na yana harufu mbaya, na ndiyo ngao yake ya pili. Ndege akiisha kuonja mara moja hukumbuka rangi ile nyekundu na nyeusi, na kesho humpita.

Mtoto asiyefanana na mzazi

Sasa turudi kwa yule mamba mdogo, kwa maana hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Kibibi mke hutaga mayai ya manjano, marefu kidogo, yaliyosimama wima na kukaa kwa kundi chini ya jani, karibu na mahali palipo na vidukari. Baada ya siku chache mabuu hutoka. Buu wa kibibi hana mabawa wala kuba. Ni mweusi au wa kijivu, ana miiba laini, na mara nyingi ana vibaka vya manjano au chungwa ubavuni. Hula mchana na usiku, na kwa muda wa utoto wake aweza kumaliza vidukari mia kadhaa. Hujivua ngozi mara kadhaa akikua. Kisha hujibandika katika jani kwa ncha ya mkia, akajikunja na kutulia. Hiyo ndiyo hali ya ubundo. Ukimgusa huruka juu ghafula kama anayesujudu na kuinuka, na watu wengi hapo humbandua wakidhani ni ugonjwa wa jani. Tangu yai mpaka mdudu kamili mara nyingi ni majuma matatu au manne katika nchi ya joto.

Wako na wengine wenye hila zaidi. Katika mihogo, mikahawa na mipera wanakaa wale vidung'ata, wadudu weupe waliofunikwa kwa unga wa nta. Kati yao utaona wengine weupe vilevile, wenye nyuzi za nta mgongoni, lakini wanaotembea haraka kidogo. Hao si vidung'ata. Ni mabuu wa vibibi wadogo, ambao huvaa nguo ya adui wamle kwa raha. Mtu anayesugua shina kwa kitambaa huwaondoa wezi na polisi kwa mkono mmoja. Dawa yake ni subira: chukua kijiti, guse mmoja mmoja taratibu, kidung'ata hukaa au husogea kwa uvivu, lakini buu wa kibibi huondoka. Wazazi wao ni wadogo kama punje ya ulezi, weusi au wa kahawia, nao wana vinyweleo vifupi. Watu wengi huishi nao shambani miaka yote bila kuwaona hata mara moja.

Wale wanaokula majani

Ukoo wowote una mtoto mpotevu, na ukoo wa kibibi unao pia. Baadhi ya aina zake zimeacha nyama, zikawa zinakula majani. Hao ndio waliowaletea wenzao jina baya, kwa sababu mkulima aliyewaona hao wakimwangamizia maboga huwachukia vibibi wote.

Kuwatambua si vigumu. Mgongo wao haung'ai. Umefunikwa kwa vinyweleo vifupi vingi, hata huonekana kama kitambaa cha mahameli kilichochakaa. Rangi yao ni ya chungwa iliyofifia au ya kahawia, na madoa ni meusi. Ni wakubwa, kati ya choroko na kunde. Hapo yafaa uangalie sana, maana nimekwisha kusema kwamba wale marafiki wadogo wa mihogo nao wana vinyweleo. Kanuni, basi, ni hii: mkubwa mwenye vinyweleo ni mla majani; mdogo kama ulezi mwenye vinyweleo ni rafiki.

Mmoja wao ana madoa 12, naye hushambulia maboga, matango, matikiti na mimea mingine ya ukoo huo. Wengine hukaa katika viazi, biringanya na mnavu. Tena yuko Chnootriba similis, ambaye amechagua nafaka: hula majani ya mahindi, ngano, shayiri na mpunga. Mabuu wao pia ni tofauti. Ni ya manjano iliyopauka, yamenona, hayana haraka, na miiba yao imegawanyika kama matawi ya mti mkavu. Mdomo wa mla majani hukwangua nyama ya jani na kuiacha mishipa na ngozi nyembamba, hata jani likawa kama dirisha la wavu. Kwa hiyo ukiona jani lililokwanguliwa namna hiyo, na mdudu asiyeng'aa juu yake, wala hapana vidukari karibu, huna haja ya kuuliza zaidi. Mwokote kwa mkono asubuhi angali mzito kwa baridi, umtie katika kopo la maji ya sabuni. Pondaponda na mayai yake chini ya jani. Lakini mayai ya rafiki na ya adui yote ni ya manjano na yote husimama wima, kwa hiyo usiponde mayai yoyote kabla ya kujua nani yuko karibu nayo.

Mgeni kutoka Asia

Tangu miaka ya karibuni yuko kibibi mwingine anayestahili kuangaliwa. Jina lake ni Harmonia axyridis. Asili yake ni Asia ya Mashariki, naye alipelekwa Marekani na Ulaya kwa makusudi ili awale vidukari. Kazi hiyo aliifanya vizuri, lakini hakuishia hapo. Vidukari wakipungua, hula mayai na mabuu wa vibibi wengine. Na katika nchi kadhaa za Ulaya, Uingereza ikiwa mojawapo, vibibi wa asili wamepungua sana tangu alipofika. Katika nchi za baridi huingia nyumbani kwa mamia wakati wa majira ya baridi, na akivunwa pamoja na zabibu huiharibu ladha ya divai. Afrika ya Kusini alionekana mwaka 2001, na mwaka 2011 wataalamu walitangaza katika jarida la sayansi kwamba amepatikana Kenya.

Kwa nguo zake hutamjua, maana anazo nyingi mno. Mmoja ni mwekundu mwenye madoa 19, mwingine ni wa chungwa asiye na doa, na wa tatu ni mweusi mwenye madoa mawili au manne mekundu. Ni mkubwa, milimita 5 hadi 8, na miguu yake aghalabu ni ya kahawia. Itazame ngao: katika wale wekundu na wa chungwa ngao ni nyeupe, nayo ina alama nyeusi iliyoandikwa kama herufi M ukimtazama kutoka nyuma. Ukipata mdudu wa namna hiyo, usianze kuwaua vibibi wote wekundu katika kijiji kwa hofu. Mtie chupani, uandike mahali na tarehe, ukamwonyeshe bwana shamba au umpeleke Makumbusho ya Taifa, Nairobi, ambako kuna hazina kubwa ya wadudu waliohifadhiwa ili kulinganisha. Mdudu mmoja aliyeandikwa vizuri hufaa kuliko habari mia za kusikia.

Aliye haba huenda yu mlangoni

Msomaji atauliza: je, kibibi aliye adimu yuko wapi? Nitajibu kwa hadithi ya kweli, ambayo ndani yake mna kibibi wa Kenya.

Katika Bahari ya Atlantiki ya Kusini, mbali na nchi zote, kiko kisiwa cha St Helena, kile alichofungwa Napoleon mpaka akafa mwaka 1821. Katika kisiwa hicho huota mti ambao haupatikani kwa asili mahali pengine popote duniani, nao ndio mti wa taifa la watu wa huko. Jina lake la kitaalamu ni Commidendrum robustum. Zamani ulifunika sehemu kubwa ya nchi za juu za kisiwa. Watu wakaukata, mbuzi wakaula, na kufikia miaka ya 1980 ilibaki miti ipatayo 2,500 tu, katika mahali pawili.

Mwaka 1991 miti hiyo ilivamiwa na mdudu mnyonyaji aitwaye Orthezia insignis. Wenyeji wa Nairobi na miji mingine yenye mijakaranda wana habari naye: ni mdogo, amefunikwa kwa nta nyeupe, na mke huburuta nyuma yake mfuko mweupe wa mayai. Asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini, lakini ameenea katika nchi zote za joto, akipenda sana vichaka vya lantana. Maji matamu anayoyatoa hudondoka juu ya majani, ukungu mweusi kama masizi ukaota juu yake, na mti ukadhoofika mpaka kufa. Kufikia mwaka 1993 zaidi ya miti 100 ya St Helena ilikuwa imekufa, na wataalamu waliona kwamba ukoo wote wa mti ule ulikuwa ukielekea kwisha porini.

Ndipo wakakumbuka kibibi mmoja mdogo, Hyperaspis pantherina. Huyu naye ni wa asili ya Amerika. Kati ya mwaka 1908 na 1959 alikuwa amepelekwa Hawaii na katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwamo, kwa ajili ya mdudu yule yule. Huku kwetu alikaa kimya miaka mingi akifanya kazi yake, na watu wakamsahau. Vibibi hao walikusanywa Kenya, wakapelekwa Uingereza na kuwekwa katika karantini ili ichunguzwe kama hawatadhuru kitu kingine, kisha wakasafirishwa mpaka St Helena mwaka 1993, wakazalishwa na kuachiliwa katika miti. Mwezi wa Februari 1994 wachunguzi waliwaona katika matawi waliyoyatia alama. Orthezia wakapungua, na tangu mwaka 1995 haikuripotiwa tena hatari yake katika kisiwa kile. Miti iliyobaki ikaokoka.

Jinsi anavyofanya kazi yastahili kusimuliwa. Mke hutaga yai lake juu ya mwili wa Orthezia. Buu akitoka huingia ndani ya ule mfuko mweupe na kuyala mayai yaliyomo, amefichika kama mtu ghalani. Akiisha kukua hutoka nje na kuwala wenyewe. Kwa hiyo mtu anayemtafuta kibibi huyu hamtafuti yeye. Hutafuta kichaka cha lantana au mjakaranda wenye Orthezia, akakaa hapo na kioo cha kukuzia, akatazama mifuko.

Na hivyo ndivyo ilivyo kwa vibibi wengi tunaowaita haba. Aina nyingi si adimu hasa. Zimefungamana na chakula kimoja, na mahali pasipo na chakula hicho hazipo. Mtu anayetazama majani ya mahindi peke yake ataona aina tatu au nne maisha yake yote. Akigeukia magome ya mti wenye wadudu gamba, au nyasi za bondeni, au mikoko ya pwani, hesabu yake itabadilika.

Namna ya kuwatafuta

Vyombo ni vichache: shuka jeupe au mwavuli uliopinduliwa, kijiti, chupa ndogo zenye vifuniko, kioo cha kukuzia, na daftari. Tandaza shuka chini ya tawi, lipige tawi mara mbili tatu kwa kijiti bila kulivunja. Vibibi wana desturi ya kujiangusha wakishtushwa, na juu ya kitambaa cheupe hata yule wa kadiri ya ulezi ataonekana. Waangalie upesi, maana baada ya dakika moja huanza kupanda na kuruka. Asubuhi ni bora kuliko adhuhuri.

Wakati huo waangalie sisimizi pia. Sisimizi huwachunga vidukari kama mtu anavyochunga mbuzi, kwa kuyapenda maji yao matamu, na kibibi akija humfukuza kwa kumng'ata. Mahali penye vidukari wengi na vibibi hakuna, mara nyingi utaona mstari wa sisimizi ukipanda shina.

Kuhusu dawa za kunyunyizia, nitasema machache. Dawa nyingi zinazoua kila mdudu huua kibibi pamoja na kidukari, lakini hawarudi pamoja. Kidukari jike huzaa bila dume, huzaa watoto walio hai, na katika joto mtoto huyo huanza kuzaa baada ya juma moja hivi. Kibibi huhitaji majuma matatu au zaidi. Kwa hiyo wiki mbili baada ya kunyunyizia, vidukari wachache waliosalia wamekuwa wengi tena, na hapana wa kuwala. Mkulima hununua chupa ya pili. Kabla ya kuchanganya dawa geuza majani 20 katika pembe mbalimbali za shamba, uhesabu. Ukikuta mabuu wenye miiba au vibibi wanaong'aa katika majani mengi yenye vidukari, ngoja siku tatu au nne, ukahesabu tena. Ikiwa vidukari wamepungua, dawa ikae ghalani. Ikiwa wamezidi, nyunyizia ile mimea iliyozidiwa tu, wala si shamba zima.

Katika daftari andika mambo matano kwa kila kibibi: tarehe, mahali, mmea aliokuwa juu yake, mdudu aliyekuwa akimla, na mchoro wa ngao yake. Mchoro si lazima uwe mzuri. Duara moja, weusi hapa, weupe pale, na kando yake punje ya ulezi, mtama au kunde kuonyesha ukubwa.